Punguzo la mwenye baiskeli ni hesabu ya duka

Kwa wiki tatu sasa magrupu ya WhatsApp ya Moshi yanazungusha picha ya karatasi iliyobandikwa kwa selotepu mlangoni mwa duka moja la vyakula, upande wa chini wa mji. Imeandikwa kwa kalamu nene nyekundu: "Mteja wa baiskeli, ukinunua vitu vya 20,000 unapunguziwa 500. Baiskeli yako italindwa." Habari yenyewe ni hiyo tu. Maoni yaliyoifuata ndiyo yamekuwa marefu. Wako waliocheka: Mangi, yaani mwenye duka, kapata mfadhili, kesho tutasikia punguzo la wenye punda. Wako waliompongeza kwa kuwahurumia wanyonge. Na wako waliomvika koti la mwanamazingira wakaanza kuzungumzia theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Nimesoma mengi kati ya hayo na naona yote yamepita kando. Aliyebandika ile karatasi hakutoa sadaka, na theluji haimo kwenye bei ya sukari. Amepiga hesabu ya biashara, na sehemu kubwa ya hesabu hiyo ni sahihi kuliko wanavyodhani wanaomcheka. Alipokosea ni kwenye zile mia tano.

Tuanze na mji wenyewe, maana wengi wanaobishania baiskeli hapa huwa na Moshi moja tu kichwani. Mji wetu umelala kwenye mteremko. Kutoka hospitali ya KCMC kushuka mnara wa saa baiskeli inakwenda yenyewe, kazi yako ni breki; kurudi ni kusukuma huku unahema. Mtu wa Kibosho au Uru akikwambia baiskeli ni mateso, usibishane naye. Lakini shuka Majengo, pita Pasua, endelea Mabogini hadi mashamba ya miwa ya TPC, kama kilomita 20 kusini mwa mji, na ardhi inakuwa sahani. Huko baiskeli haijawahi kuwa mtindo wala kampeni. Ni Phoenix nyeusi ambayo fundi ameing'oa keria ya kiwandani akachomelea ya nondo, yenye mipira ya tyubu kuukuu iliyoviringishwa kwenye fremu ikisubiri mzigo. Tena tusisahau kwamba neno bodaboda lenyewe lilizaliwa na baiskeli, zile zilizokuwa zikivusha watu na mizigo mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda. Pikipiki ilirithi jina, ikarithi abiria, na miaka ya karibuni imerithi hata safari za dakika tano za kwenda kununua kilo ya unga. Ndiyo maana kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, wanapotangaza bei mpya za mafuta, bei ya kilo ile ya unga huwa imebadilika kabla haijatoka kwenye rafu, kwa sababu nauli ya kuifuata imebadilika.

Wazo la duka kumzawadia anayekuja na baiskeli si geni duniani. Marekani upo mpango unaoitwa Bicycle Benefits: unanunua stika kwa dola chache, unaibandika kwenye helmeti yako, ukiingia duka au mgahawa ulio kwenye mpango unaonyesha helmeti unapata punguzo au kahawa ya bure. Bologna, Italia, mwaka 2017 jiji liliendesha kwa miezi sita mpango ulioitwa Bella Mossa, ambapo programu ya simu ilihesabu safari zako za miguu, baiskeli na basi, zikageuka pointi, na pointi zikageuka aiskrimu, bia au tiketi ya sinema. Ubelgiji mwajiri anaweza kumlipa mfanyakazi kwa kila kilomita anayokuja nayo kazini kwa baiskeli. Ukitazama vizuri, tofauti ya mipango hii iko kwenye swali moja: nani analipa? Ubelgiji kuna mwajiri. Bologna jiji liliweka mkono wake. Kwenye ile ya Marekani mwenye duka anatoa mfukoni, lakini anapata kutangazwa pamoja na wenzake walio kwenye orodha moja. Mangi wetu yuko peke yake. Hana jiji, hana orodha, hana stika. Ana selotepu. Kwa hiyo kumlinganisha na Ulaya, iwe kwa sifa au kwa kejeli, ni kumwonea.

Sasa tumpe haki yake. Hoja ya kwanza inayombeba hata wapinzani wake wanaiishi kila siku bila kuiona: maduka mengi yenye wateja wa magari tayari yanatoa punguzo, ila hawaliandiki mlangoni. Sehemu ya kuegesha gari moja inakula mita za mraba kama kumi na mbili, mahali ambapo baiskeli kumi zingekaa na bado mtu akapita na toroli. Eneo hilo lina kodi, lina mlinzi anayelipwa mshahara, lina kokoto au lami iliyonunuliwa. Gharama hiyo inaingia kwenye bei ya kila mche wa sabuni, na anayekuja na kandambili analipa sawa na anayekuja na Prado. Hatusemi ni dhuluma, ndivyo biashara zinavyokwenda. Lakini ukishaliona hilo, punguzo la mwenye baiskeli linaacha kuonekana kichekesho. Anarudishiwa sehemu ya gharama ambayo hakuisababisha. Kuna jambo la ziada kwa mtaa kama ule lilipo duka. Mbele ya duka hakuna hata nafasi ya gari moja. Likisimama gari, linaziba mlango, bajaji zinapiga honi, na wateja watatu wa miguu wanapita mbele kwenda duka la jirani. Mwenye duka analiona hili kila siku kutoka kaunta. Sisi tunaliona kwenye picha iliyokatwa pembeni.

Hoja inayotajwa sana kumpinga ni ile ya kwamba mwenye baiskeli hana hela, kwa hiyo ni upuuzi kumvuta. Hii ndiyo dhaifu kuliko zote, nami nitakaa nayo kidogo kwa sababu inajifanya busara. Wafanyabiashara wa nchi nyingine waliwahi kuiamini vilevile. Bristol, Uingereza, mwaka 2006 wenye maduka wa barabara moja waliulizwa wateja wao wangapi wanakuja kwa gari, wakakisia asilimia 41. Walipohesabiwa wateja wenyewe, ikawa asilimia 22. Kuna sababu ya kibinadamu: mteja wa gari unamwona anapofika, anapogeuza, anapolalamikia nafasi. Wa miguu na wa baiskeli unamwona tu akiwa tayari ndani, humuulizi kaja na nini. Portland, Marekani, watafiti wa chuo kikuu cha pale waligundua kwamba mteja wa baiskeli hutumia fedha kidogo kwa safari moja, lakini huja mara nyingi zaidi, na mwisho wa mwezi kwenye migahawa na maduka madogo anakuwa amemzidi mwenye gari. Kwenye supamaketi kubwa, mwenye gari alibaki juu. Sipendi wanaonukuu nusu ya kwanza wakameza ya pili, kwa sababu ya pili ndiyo inayotufundisha jambo: zawadi hii ni ya duka dogo la mtaani, na anayeuza friji aachane nayo.

Hata hivyo, Portland si Pasua. Pale mwenye baiskeli anaweza kuwa daktari aliyeacha gari nyumbani kwa kupenda. Kwa hiyo tuziache takwimu za watu na twende kwenye maduka ya jumla yanayozunguka soko la Mbuyuni saa moja asubuhi. Anayepakia pale ni nani? Ni kijana mwenye baiskeli. Salfeti ya sukari inalala kwenye keria, juu yake katoni ya sabuni, juu yake tena trei mbili za mayai zilizofungwa uso kwa uso, na mpira wa tyubu unazungushwa mara sita huku mwenzake ameshika usukani isije ikapinduka. Halafu anaikanyagia Mabogini. Huyo ametoa fedha taslimu ya manunuzi ambayo familia yenye gari inayafanya kwa mwezi mzima, na kesho kutwa anarudi. Ana kiduka kijijini, au ananunua kwa niaba ya mama mwenye kiduka. Ukimwita maskini kwa sababu ya baiskeli yake utakuwa sawa na anayepima utajiri wa mkulima kwa viatu vya shambani. Nchi nzima duka la mtaani linaitwa kwa Mangi, jina la watemi wa huku kwetu, kwa sababu Mchaga alisifika kwa kujua mahali fedha ndogo ndogo zinapopita. Supamaketi ya Nakumatt kutoka Kenya ilifika hapa na majokofu yake ikaondoka na madeni yake. Haikuangushwa na baiskeli, la hasha, ila Mangi aliyekuwepo kabla yake bado anafungua saa kumi na mbili asubuhi na anauza mafuta ya kupima.

Pingamizi zenye uzito ziko kwingine. Iliyonisumbua zaidi ni ya mtembea kwa miguu. Wateja wengi wa duka lile wanakuja na miguu yao, wengi wao akina mama, na hao hawachukui nafasi hata ya baiskeli. Kwa mantiki yangu mwenyewe ya maegesho, wao ndio wangestahili kupewa kwanza. Na kwa kuwa baiskeli nyingi za mtaa ule zinaendeshwa na wanaume, punguzo linaweza kuwa la akina baba bila mtu kukusudia. Mama anayetembea na ndoo kichwani analipa bei kamili, kijana aliyetumwa na baiskeli analipa pungufu kwa bidhaa zilezile. Jibu la kibiashara lipo: mwenye duka anatafuta manunuzi makubwa, na kichwa kina kikomo chake, keria ina chake. Ndiyo maana aliweka 20,000. Jibu hilo linatosha kwa daftari, halitoshi kwa haki, na sioni sababu ya kulipaka rangi. Linanielekeza tu kwenye aina ya zawadi isiyomwongezea mama yule gharama, nitafika huko.

Pingamizi jingine ni usalama. Kumvuta mtu atoke na baiskeli kwenye barabara kuu ya Arusha hadi Himo, pembeni ya malori na mabasi yanayogombea abiria, kwa ajili ya mia tano, ni jambo la kufikiri mara mbili. Dar es Salaam mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, barabara zake zilijengwa pamoja na njia za baiskeli, ingawa mara nyingi utakuta bodaboda na wauza machungwa wamezigeuza zao. Sisi tuna bega la barabara, na bega lenyewe kwa sehemu kubwa ni kokoto. Mwenye duka hawezi kulijenga. Anachoweza ni kutojifanya anamwita mtu wa mbali: zawadi yake iwafae wa mitaa ya ndani, wanaopita njia za vumbi. Kuhusu bodaboda, wanaosema vijana wataporomokewa na riziki wanatia chumvi. Aliyeamua kupanda pikipiki kwa kuwa amechoka, au mvua imeanza, hatageuka kwa ajili ya karatasi ya mlangoni. Na ujanja? Wapo wanaosema baiskeli moja itazunguka mtaa mzima, kila mtu anaiazima kwa dakika mbili kuchukulia punguzo. Inawezekana kabisa, na nimecheka nilipoliwaza. Ila ukiona watu wanaazimana baiskeli ili wakanunue kwako vitu vya 20,000, sijui kama una tatizo au una biashara.

Basi turudi kwenye zile mia tano. Chukua manunuzi ya 20,000 yaliyo mengi kati ya sukari, unga wa sembe, mafuta ya kula na sabuni. Hizi ni bidhaa ambazo kila duka linauza na kila mteja anajua bei yake hadi shilingi ya mwisho, kwa hiyo faida yake ni nyembamba. Tuseme mwenye duka anabakiwa na asilimia 8, yaani shilingi 1,600. Akitoa 500 amekata karibu theluthi ya faida yake. Abakiwe na kilekile cha zamani, wateja hao wa baiskeli inabidi waongeze manunuzi kwa karibu nusu: waliokuja mara kumi waje karibu mara kumi na tano. Sasa mwangalie mteja. Safari ya bodaboda ya mtaani haipungui elfu moja kwenda na elfu nyingine kurudi. Aliyekuja na baiskeli tayari ameokoa elfu mbili kabla hajaingia mlangoni. Kama elfu mbili hazikumtoa nyumbani na baiskeli, mia tano ya ziada itamtoaje? Punguzo hilo litaishia kwa waliokuwa wanakuja na baiskeli hata hivyo, na wengine watapewa pipi mbili na kiberiti kwa sababu chenji hakuna.

Kinachomfanya mtu aiache baiskeli ukutani nyumbani ni kitu kingine, na hicho mwenye duka alikiandika mstari wa mwisho bila kujua kwamba ndicho kilichokuwa dhahabu: "Baiskeli yako italindwa." Mwaka juzi niliegesha yangu nje ya duka kubwa moja hapa mjini, lenye mlinzi mwenye sare na kirungu. Nilitoka baada ya dakika kumi nikakuta siti imeng'olewa pamoja na chuma chake, na pampu haipo. Mlinzi aliniangalia kwa huruma ya kweli akasema, "Kaka, mimi nimepewa magari." Alikuwa na vikadi vya namba kwa ajili ya magari, na baiskeli hazimo kwenye vikadi. Nilirudi nyumbani nimesimama kwenye pedeli njia nzima, na tangu hapo duka lile nalipita tu. Sikuhitaji punguzo. Nilihitaji kikadi.

Kwa hiyo fedha ile ile ingefanya kazi zaidi kama ingegeuzwa nondo. Tuseme fundi wa kuchomelea anamtoza laki moja kwa stendi ya baiskeli sita, iliyokitwa kwenye zege mbele ya kaunta ambapo muuzaji anaiona. Hayo ni mapunguzo 200 ya mia tano mia tano, lakini stendi inalipiwa mara moja na inakaa miaka. Aongeze pampu iliyofungwa kwa mnyororo, na mpira wa kufungia mzigo kwa aliyesahau wake. Hapo mama wa miguu hajaongezewa gharama ya kumlipia mwenzake, maana bei ya rafuni haijaguswa. Na akitaka lazima kutoa kitu mkononi, wauzaji wa sokoni wanajua zamani kuliko sisi: nyongeza. Mama wa nyanya hakupunguzii bei, anakutupia nyanya mbili juu ya fungu, nawe unaondoka ukijiona umependwa ingawa kwake zimemgharimu kidogo sana. Nyongeza inaonekana, inasemwa, haina shida ya chenji, na siku ambayo mambo ni magumu inaweza kupungua bila ugomvi. Punguzo lililoandikwa mlangoni likiondolewa ni vita. Na nyongeza anaweza kupewa wa baiskeli leo na wa miguu kesho, bila karatasi.

Kuna upande wa halmashauri pia, ingawa sitaki kuwapa zaidi ya wanachostahili. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, wengi tuliapa kwamba biashara ya rejareja itasimama. Ilichukua wiki chache vikapu vikarudi, vingine vile vya ukindu ambavyo bibi zetu walikuwa wamevitundika jikoni. Iliwezekana kwa kuwa amri ilimgusa kila mmoja siku moja, hakuna duka lililobaki peke yake likionekana la ajabu. Stendi za baiskeli hazihitaji amri ya namna hiyo, lakini zinahitaji mtu wa manispaa asije na kitabu cha faini akidai nondo zimeingia kwenye hifadhi ya barabara, wakati gari limeegeshwa palepale tangu asubuhi. Pembeni ya Mbuyuni stendi moja ndefu, yenye mlinzi anayelipwa shilingi mia kwa kila baiskeli, ingewafaa wauzaji wa jumla wote kwa pamoja. Hapo ndipo tungefanana kidogo na Bologna kwa maana iliyo na faida: gharama kubebwa na wengi, badala ya mmoja mwenye selotepu.

Kama duka lile linataka kujua nani kati yetu yuko sahihi, halihitaji mtafiti. Lina daftari la mauzo. Kila anayekuja na baiskeli, muuzaji aweke herufi B kando ya kiasi alichonunua, hata kama ni kiberiti. Mwezi mmoja karatasi ikae mlangoni kama ilivyo. Mwezi wa pili karatasi itoke, stendi iwekwe, nyongeza itolewe kwa mdomo. Kisha ajumlishe B za kila mwezi na faida iliyobaki. Ila asijaribu kuanza Novemba, maana Desemba itamkuta katikati, Wachaga wa Dar watakuwa wamerudi nyumbani na magari yao, na daftari la Desemba hapa Moshi huwa halifanani na la mwezi mwingine wowote.